Tuketi Duara, Tusikilizane

Wahenga walisema: penye wazee haliharibiki neno. Twaitamka methali hii kusifu mvi, ilhali mvi peke yake haitengenezi neno. Neno hutengenezwa na watu walioketi pamoja, mmoja akasema, na wengine wakanyamaza ili wamsikie.

Msafiri atokaye Tabora kwenda Nzega hupita Puge karibu na nusu ya safari yake. Hapa ni Unyamwezi, nchi ya njia kuu ya misafara. Richard Burton, aliyefika Kazeh mwaka 1857, alieleza habari za iwanza, nyumba ya baraza ambamo watu wa kijiji walikutana kupumzika na kuzungumza. Lakini tusiipambe mno historia. Wanaume walikuwa na iwanza yao, na wanawake yao.

Leo baraza letu ni mkutano mkuu wa kijiji. Kwa sheria ya mwaka 1982, kila mkazi aliyetimiza miaka 18 anayo haki ya kuhudhuria. Sheria imetupa mkutano. Haiwezi kutupa masikio. Mara ngapi viongozi huketi nyuma ya meza, wananchi wakapangwa mbele yao kama watoto wa shule, na mwisho wakaulizwa: “Mmeelewa?” Hayo si mazungumzo, bali ni tangazo.

Mji wa Tabora wenyewe unalo fundisho. Mwezi wa Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana pale kuamua juu ya kura tatu, utaratibu uliomlazimisha mpiga kura kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi walifika wakiwa na uchungu, wakitaka kuususia uchaguzi. Mwalimu Nyerere hakuwa na jeshi la kuwatiisha. Alikuwa na hoja, nao walikuwa na haki ya kuzipinga. Wakajadiliana, wakakubali kushiriki. Zuberi Mtemvu hakuridhika, akajitenga na kuunda chama chake. Ndiyo kusema kusikilizana hakuleti kila mara moyo mmoja. Lakini waliobaki waliubeba uamuzi kama mali yao, na wagombea waliounga mkono walishinda.

Tena tujihadhari. Duara laweza kumpokea mtu, na laweza pia kumzingira. Sungusungu walipozuka huku katika miaka ya 1980, walipambana kwa ushujaa na wezi wa ng’ombe. Hata hivyo yalikuwapo makundi yaliyowahukumu watu kwa tuhuma za uchawi, na wanawake wazee katika Unyamwezi na Usukuma wameteswa, hata kuuawa, kwa tuhuma za namna hiyo. Watu wengi walikubaliana, mmoja hakusikilizwa. Mkutano usiomsikiliza mshitakiwa si baraza, hata ukiwa na watu elfu.

Basi yatupasa tufanyeje? Kwanza, tuiondoe meza, tuketi duara, kila mtu aone uso wa mwenzake. Pili, ipitishwe fimbo au kitu chochote kwa zamu. Aliyekishika ndiye msemaji, wala asikatizwe. Tatu, anayetaka kumpinga mwenzake aeleze kwanza alichosikia, mpaka mwenyewe akiri: “Naam, hivyo ndivyo nilivyosema.” Nne, vijana na akina mama waanze, mwenyekiti aseme mwisho, maana mkubwa akitangulia, wadogo huwa waitikiaji tu. Na asiye na la kusema aruhusiwe kuipitisha fimbo bila aibu.

Wafanyakazi nao wasidhani jambo hili ni la vijijini tu. Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 ulianzisha mabaraza ya wafanyakazi, na Mwongozo wa mwaka 1971 ukawakemea viongozi wenye kiburi. Ukumbi wa kiwanda waweza kuketiwa duara kama uwanja wa Puge.

Ndugu zangu, kunyamazisha watu ni kazi nyepesi. Yatosha sauti kubwa. Kuwasikiliza ni kazi ya mtu aliye tayari kubadilisha nia yake. Kiongozi asiyekuwa tayari kwa hilo asiwapotezee wananchi wakati wao wa kulima.