Presha Kwanza, Skrubu Mwisho: Utunzaji wa K-Jetronic katika Magari ya Zamani

Kabla ya kompyuta kukabidhiwa kazi ya kugawa petroli katika injini, baadhi ya watengenezaji wa magari walikuwa wamekwisha kuiacha kabureta na kutumia mifumo ya kimakanika ya kupulizia mafuta, yaani mifumo inayoamua kiasi cha petroli kwa springi, presha na wenzo. Mercedes-Benz 300 SL ya mwaka 1954 na Triumph TR5 ya mwaka 1967 zilitegemea vifaa vilivyozungushwa na injini yenyewe. Lakini mfumo ulioenea zaidi ni K-Jetronic wa kampuni ya Bosch ya Ujerumani, ulioanza mwaka 1973 katika Porsche 911 T zilizouzwa Marekani, kisha ukafungwa katika Volkswagen Golf GTI, Volvo 240, Mercedes-Benz 280E na hata Ferrari 308. Magari hayo yanapogoma, lawama kwa kawaida huangukia kigawanyi cha mafuta, ambacho ni ghali na mara nyingi hakina kosa.

K-Jetronic haizungushwi na injini, wala haipulizi mafuta kwa vipindi. Pampu ya umeme husukuma petroli kutoka kwenye tangi, ikapita katika kilimbikizi cha presha na filta, hadi kwenye kigawanyi ambacho huipeleka mfululizo kwenye nozeli ya kila silinda muda wote injini inapozunguka. Hewa inayovutwa na injini huisogeza sahani ya duara iliyo ndani ya koni, na sahani hiyo, kwa njia ya wenzo, huisukuma juu pistoni nyembamba ya kigawanyi ambayo kadiri inavyopanda ndivyo inavyofunua mianya yenye upana wa takriban milimita 0.2 tu. Juu ya pistoni hukandamiza presha ya pili, inayoitwa presha ya udhibiti, na hapo ndipo ulipo ufunguo wa mfumo mzima: presha hiyo ikishuka, pistoni hupanda kwa urahisi na petroli huongezeka, ikipanda, petroli hupungua. Kirekebishi chenye utepe wa metali mbili unaopashwa joto kwa umeme huishusha presha hiyo injini ikiwa baridi, kisha huiacha ipande kidogo kidogo kadiri injini inavyopata moto.

Ndiyo maana upimaji wa kweli huanza na geji, si na bisibisi. Geji hufungwa kwenye bomba linalounganisha kigawanyi na kirekebishi, pamoja na vali iliyo upande wa kirekebishi. Vali ikifungwa huku pampu ikifanya kazi, geji huonyesha presha ya mfumo, ambayo katika magari mengi hukaribia baa 5. Ikifunguliwa, huonyesha presha ya udhibiti, ambayo huwa chini sana injini ikiwa baridi na kufika takriban baa 3.5 ikiwa na moto, ingawa kipimo halali ni kile kilichomo katika kitabu cha gari husika. Kisha pampu huzimwa na geji kuangaliwa kwa dakika 20 hivi. Presha ikianguka haraka, petroli iliyobaki katika mabomba huchemka na kuwa mvuke, na gari linalowaka vizuri asubuhi hugoma likizimwa kwa muda mfupi likiwa na moto. Mshukiwa hapo ni vali ya pampu isiyorudisha mafuta, kilimbikizi, au nozeli inayovuja.

Kabla ya kufungua bomba lolote, presha iachiwe polepole kwa kitambaa na kizima moto kiwe karibu, kwani petroli inayoruka kwa presha hiyo juu ya injini ya moto inaweza kuwaka mara moja.

Hewa nayo hudanganya. Ikipenya baada ya sahani, kupitia mpira uliopasuka, oringi ya nozeli iliyokauka au hata kifuniko cha oili kisichokaza, haipimwi, na injini humisi kwa kukosa petroli ya kutosha. Nozeli hulinganishwa kwa kuzitoa, kuziingiza katika chupa za kupimia na kuinua sahani kwa mkono: ujazo ukitofautiana, au mnyunyizo ukiwa matone badala ya ukungu, nozeli husafishwa au hubadilishwa. Adui mkubwa wa pistoni ni gari kukaa bila kuendeshwa, maana petroli ya zamani huacha utando wa gundi na kutu ya tangi husafiri hadi kwenye mianya. Kubadilisha filta kwa wakati ni nafuu kuliko kununua kigawanyi kingine.

Skrubu ya mchanganyiko, inayogeuzwa kwa ufunguo wa milimita 3, huguswa mwisho kabisa, kwa mzunguko mdogo sana, huku kipimo cha moshi kikisoma kaboni monoksaidi, na ufunguo hutolewa kabla ya ekseleta kukanyagwa. Fundi anayeanza na skrubu hiyo kabla ya kufunga geji anabahatisha tu, na mwenye gari ana haki ya kumzuia.