Mchanganyiko upi huo? Kiingereza cha mfuko wa mbolea

Ingia duka lolote la pembejeo Mwanjelwa jijini Mbeya, au pale Iringa mjini, mwezi Novemba, useme unataka mbolea ya mchanganyiko. Utauziwa. Ila utauziwa ipi? Neno hilo moja tunalibebesha mambo manne ambayo Kiingereza cha kwenye mifuko na vipeperushi kinayatenga: compound, blend, mix na incorporate. Mkulima wa Mbozi au Kilolo hana deni la kujua Kiingereza cha watu, lakini hapa kupishana kwa maneno ni kupishana kwa magunia.

Compound ni mbolea iliyoumbwa kiwandani. Malighafi huchanganywa ikiwa tope au ikiwa imeyeyushwa, kisha hufinyangwa kuwa punje, na kila punje hutoka na virutubisho vyote. Mfuko wa NPK ulioandikwa 17-17-17 una kilo 17 za naitrojeni, 17 za fosfeti na 17 za potashi katika kila kilo 100. Kama ni compound, punje ya juu ya mfuko na ya chini kabisa zina uwiano uleule.

Blend haina kupikwa. Punje kavu za mbolea tofauti hupimwa, hukorogwa pamoja na kufungwa. Ukizimwaga kiganjani unaziona: nyeupe ni urea, za kijivu au kahawia mara nyingi ni DAP, na zile nyekundu huwa ni potashi. Blend ni kande, unaweza kuchambua mahindi yako na maharage yako; compound ni ugali, unga na maji havirudi tena vilikotoka.

Wengi hujikwaa hapa. Namba zinaweza kuwa zilezile, 17-17-17 kwenye mfuko wa compound na 17-17-17 kwenye mfuko wa blend. Namba zinakuambia kuna nini ndani, hazikuambii kimekaaje. Kinachokuambia hilo ni neno, na ndilo hilo tunalolitafsiri ovyo.

Kukaa huko kuna maana yake. Punje za blend zikitofautiana ukubwa, hujitenga kila zinapomiminwa na kutikiswa: ndogo huzama, kubwa hubaki juu. Kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na ndani yake kuna mlima Kitonga na matuta ya kila kijiji. Halafu mkulima wetu hapimi kwa mashine. Anachota kwa kifuniko cha soda, kimoja kwa shimo. Kwenye kipimo kidogo namna hiyo, shimo moja laweza kupata urea tele na la jirani likaambulia DAP tupu. Mahindi yakiota kwa madoadoa, huku kijani kibichi na huku manjano, lawama humwangukia muuza mbegu.

Sisemi blend ni mbolea feki. Mimi naiona ni fursa kubwa kwa Nyanda za Juu Kusini, kwa sababu inaruhusu kuongeza salfa, zinki au boroni kulingana na majibu ya vipimo vya udongo, jambo ambalo compound ya kuagizwa kwa meli haiwezi kukufanyia. Sharti ni mtengenezaji achague punje za ukubwa unaokaribiana. Nawe ukifungua mfuko, umwage kwenye turubai ugeuze kwa koleo kabla ya kuanza kuchota.

Mix ni kazi ya mikono yako mwenyewe, na ndipo hasara kubwa ilipo. Msimu wa kukuzia, mtu ana nusu mfuko wa urea na nusu mfuko wa CAN, anaona avikoroge apate mfuko mmoja. Asifanye hivyo. Urea peke yake huanza kunyonya maji pale unyevu wa hewa unapofika asilimia 70 na kidogo. Ikikutana na amonia naitreti iliyomo kwenye CAN, kiwango hicho huporomoka hadi asilimia 18 hivi. Hewa ya Tukuyu wakati wa mvua haijawahi kuwa kavu kiasi hicho. Saa chache tu, ndoo imejaa uji. Chokaa na DAP navyo havipatani, kwa kuwa chokaa hufukuza naitrojeni ya DAP ikiwa gesi ya amonia. Kwenye udongo wenye tindikali, kama sehemu nyingi za Mufindi na Rungwe, tangulize chokaa wiki kadhaa, uifukie, ndipo ije mbolea ya kupandia.

Neno la nne, incorporate, hutafsiriwa "changanya na udongo", na msomaji akaelewa akoroge mbolea na udongo kwenye ndoo. Maana yake shambani ni kufukia. Urea iliyoachwa juu ya ardhi hugeuzwa na vimeng'enya vya udongo kuwa amonia ikapaa hewani. Manyunyu huharakisha hasara hiyo kwa kuwa huilowesha bila kuizamisha. Mvua nzito ikinyesha siku hiyohiyo, itakufanyia kazi hiyo bure. Isiponyesha, tumia jembe, sentimita tano zinatosha.

Ruzuku ya mbolea iliyozinduliwa hapa Mbeya Agosti 8, 2022, siku ya Nane Nane, ilipunguza bei ya mfuko, lakini haikumsomea mkulima maandishi yake. Watengenezaji na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, TFRA, wangetusaidia wakiandika kwa herufi kubwa za Kiswahili "kila punje ina virutubisho vyote" au "punje za mbolea tofauti". Hadi hapo, muulize muuzaji mfuko wake ni upi kati ya hizo mbili, na akisitasita, omba akufungulie mfuko wa mfano uangalie rangi za punje.