Ndizi unazopakia Himo zina kwao: Siku mbili Marangu

Na Mwandishi Wetu

WAFANYABIASHARA wanaovuka mpaka wa Holili na Taveta wanaijua ndizi kwa mkungu, kwa bei na kwa siku inazoweza kukaa kabla ya kuiva. Wachache wamewahi kuiona ikiwa shambani, chini ya kivuli cha miti mirefu, pembeni mwa mfereji wa maji baridi. Wengi huishia Himo. Wanapatana bei, wanapakia na kurudi mpakani kabla giza halijaingia. Mlima Kilimanjaro wanauona kwa mbali mawingu yakifunguka, na vijiji vilivyo chini yake wanavijua kwa kutajiwa na madalali tu.

Hata hivyo, kutoka njia panda ya Himo hadi Marangu Mtoni ni safari fupi ya daladala, tena kwa barabara ya lami. Watalii wa Ulaya na Marekani huvuka bahari kuja kuiona sehemu hii, ilhali mfanyabiashara wa Taveta, Voi au Mombasa anapita karibu nayo kila wiki. Makala haya yanamwalika apumzike huko siku mbili, akiwa mgeni na si mnunuzi. Mapumziko hayo yana faida kwake, na yana faida kubwa zaidi kwa shamba linalomlisha.

Shamba linaloitwa kihamba

Mgeni asitarajie kuona shamba kubwa lenye mistari iliyonyooka. Kihamba cha Wachaga ni shamba la familia linaloizunguka nyumba, na mimea yake imepangwa kwa ghorofa. Juu kabisa kuna miti kama mruka na mgrevilea. Chini yake ipo migomba, chini ya migomba ipo mibuni, na karibu na ardhi yapo magimbi, viazi vikuu, maharage na mboga. Ng'ombe hawachungwi. Hufugwa bandani, na majani yao hukatwa na kubebwa kichwani, mara nyingi na akina mama, wakati mwingine kutoka tambarare. Samadi hurudi kwenye migomba. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilikitambua kilimo cha vihamba cha Shimbwe Juu, Moshi Vijijini, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia.

Kati ya kihamba na kihamba utaona mmea wenye majani marefu. Huo ni sale, nao ndio alama ya mpaka. Jani lake lina kazi nyingine pia: mtu aliyemkosea mwenzake humpelekea sale kuomba msamaha, na kwa mila ni vigumu kumkatalia. Wapo wanaodaiana pale mpakani ambao jani hilo lingewafaa.

Utavuka pia mifongo, mifereji ya asili iliyochimbwa na wazee tangu kabla ya wakoloni, wakipima mteremko kwa macho na uzoefu. Maji hugawanywa kwa zamu, na wanaoyatumia ndio wanaosafisha mfereji.

Cha kuona na cha kula

Kutoka Marangu Mtoni unaweza kutembea kwa miguu hadi maporomoko ya Kinukamori. Ukiwa na nguvu na muda, yapo pia ya Ndoro na Kilasiya. Mchukue kijana wa kijijini akuongoze, kwa sababu njia zinapita katikati ya makazi ya watu na yeye ndiye atakayekubishia hodi.

Omba uonyeshwe kahawa inavyoandaliwa nyumbani: inakobolewa, inakaangwa kwenye moto wa kuni, inatwangwa kwenye kinu, kisha inachemshwa na kunywewa palepale. Zao hili lililetwa na wamisionari wa Kilema, jirani na Marangu, mwishoni mwa karne ya 19. Wakulima wadogo walianzisha chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Wakulima wa Kilimanjaro, KNCU, mojawapo ya vyama vya ushirika vikongwe barani Afrika. Wenye magunia mawili matatu walijua mapema kwamba anayeuza peke yake hupangiwa bei.

Kwa chakula, anza na mtori wa asubuhi, supu nzito ya ndizi na nyama. Mchana kuna machalari, au kiburu cha ndizi na maharage. Anayekunywa pombe ataonjeshwa mbege ya ndizi mbivu na ulezi. Inywe taratibu, maana utamu wake unadanganya.

Ukipanda zaidi utafika lango la Marangu la Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni Oktoba 6, 1889, na Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu anaenziwa kama mwongozaji wa safari hiyo. Si lazima nawe upande mita 5,895. Kukaa karibu na lango ukiwatazama wapagazi wakipanga mizigo kunatosha kukuonyesha kuwa kazi ya kubeba haiishii mpakani.

Kilicho hatarini

Uzuri huu si wa kudumu wenyewe tu. Kihamba hurithiwa, na kila kizazi kinakigawa vipande vidogo zaidi. Vijana wengi wamekwenda Dar es Salaam, Arusha na kwingineko. Bei ya kahawa ilipoanguka, baadhi ya wakulima waling'oa mibuni. Barafu ya mlimani imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912, lakini jambo linaloigusa zaidi mifongo ni msitu, kwa kuwa sehemu kubwa ya maji ya mito hii inatokana na mvua na ukungu unaonaswa na miti. Miti ikikatwa, mfereji unakauka. Mfereji ukikauka, mkungu unakuwa mwembamba, na hasara hiyo itakufuata mpaka Taveta.

Hapo ndipo mgeni anapokuwa na maana. Familia inayopata fedha kwa kulaza wageni, kijana anayelipwa kwa kuongoza matembezi na mama anayeuza nusu kilo ya kahawa aliyoikaanga mwenyewe wanapata sababu ya kukitunza kihamba badala ya kukikatia viwanja. Bei ya mkungu patana upendavyo, hiyo ni kazi yako. Ujira wa anayekutembeza kutwa nzima usiuvunje kama bei ya gunia.

Kabla hujaondoka

Nyaraka: Beba pasipoti au hati ya muda ya kusafiria kutoka idara ya uhamiaji ya nchi yako, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Usitegemee kitambulisho cha taifa peke yake. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hupewa pasi ya matembezi ya hadi miezi sita. Kituo cha pamoja cha Holili na Taveta, kilichozinduliwa rasmi mwaka 2016, hukumalizia taratibu za nchi zote mbili upande mmoja. Njia za panya ziache. Mgeni asiyegongewa muhuri hana mapumziko.

Fedha: Badilisha kwenye benki au duka la fedha lenye leseni. Kijijini wanataka shilingi ya Tanzania.

Majira: Juni hadi Septemba, na Januari hadi Februari, njia ni kavu. Machi hadi Mei kuna mvua na utelezi. Juni na Julai kuna baridi kali, hivyo sweta ni lazima. Mwishoni mwa Desemba Wachaga hurudi nyumbani kwa wingi, magari hujaa na nauli hupanda. Ni wakati wa shamrashamra, lakini panga mapema.

Ratiba: Soko la Taveta ni Jumatano na Jumamosi. Ukimaliza soko la Jumamosi mapema, vuka na ulale Marangu. Jumapili asubuhi watu wengi wako kanisani, kwa hiyo anza matembezi baada ya ibada. Jumatatu amka alfajiri, maana huo ndio wakati ambao Kibo na Mawenzi huonekana mara nyingi kabla ya mawingu kupanda. Kunywa kahawa, waage wenyeji kwa neno lao la shukrani, "aika", kisha teremka Himo. Bado utakuwa na Jumanne nzima ya kujiandaa kwa soko linalofuata.