Kuifuata Dhahabu ya Kilwa Mpaka Lisbon

Kwetu Kilwa Kivinje, ukisema unakwenda Ulaya, swali la kwanza ni "kwa nani?" Una mtoto huko? Una mkwe? Kwamba mwalimu mstaafu, tena mjane, anaweza kukata tiketi ya kwenda mji asio na ndugu wala jirani, akakaa juma zima kisha akarudi zake, hilo watu haliwaingii. Jibu nilikuwa nalo, ila nililitoa kwa wachache. Nilikuwa nakwenda Lisbon kuiona dhahabu yetu.

Historia nimeifundisha mpaka vumbi la chaki likanikaa kifuani. Somo la Wareno halikuchukua muda. Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga mbele ya Kilwa Kisiwani, akamtishia mtawala wake, Amiri Ibrahim, kwamba asipolipa kodi kwa mfalme wa Ureno mji utachomwa moto. Mwaka 1505 akaja Francisco de Almeida, mji ukatekwa na kuporwa. Mwaka 1512 wakaondoka. Kodi ile ya dhahabu ilikwenda wapi? Vitabu vya shule havikusema, na mimi kwa miaka mingi sikuuliza. Ilikwenda kwa mfalme Manuel wa Kwanza, akaitengenezea chombo cha ibada, na chombo kipo mpaka leo.

Niyaseme ya safari kwanza, maana ndiyo ninayoulizwa sana. Viza ni ya Schengen, euro 90, na wakikunyima pesa hairudi. Wanataka taarifa ya benki, uthibitisho wa mahali pa kulala na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Nilipitia Istanbul. Uwanjani Lisbon nilipanda metro ya mstari mwekundu hadi mjini, baada ya kununua kadi yao ya nauli iitwayo Navegante. Kadi yenyewe ni nusu euro, kisha unaijaza pesa na kuitumia kwenye metro, tramu na hata pantoni za kuvuka mto Tejo.

Mji wote ni vilima. Njia za miguu zimetandazwa vijiwe vyeupe vya chokaa, vya kujaa kiganja, vilivyosuguliwa na nyayo mpaka vinang'aa. Mvua ikigusa, viatu vya soli ngumu viache chumbani. Tramu ya manjano namba 28, ile ya kwenye picha zote, ukitaka kukaa kitini ipande asubuhi mapema. Mchana inajaa, na wachomoa pochi nao wanakuwa kazini.

Nilipanga chumba Mouraria, mtaa waliokaa Waislamu baada ya Wakristo kuuteka mji mwaka 1147. Siku hizi kwenye Rua do Benformoso kuna bucha za halali za Wabangladeshi, vinyozi, na maduka ya simu. Pale jirani, Martim Moniz, kuna jengo la biashara ambalo ghorofa zake za chini zina muhogo, bamia, mafuta ya mawese na nywele za kusukia. Mwanamke anayeogopa kusafiri peke yake kwa kuhofia atakula nini, aanzie mtaa wa namna hiyo. Katika mikahawa ya kawaida kuna jambo moja la kujua: ukikaa tu, unaletewa mkate, zeituni na jibini ambavyo hukuagiza. Si takrima ya mgeni. Ukivigusa utavilipia, usipovigusa hulipi. Sambusa zipo kila mahali, zimefika huko kwa njia ya Goa na Msumbiji, ila uliza ni nyama gani.

Sasa dhahabu. Iko Museu Nacional de Arte Antiga, kwenye Rua das Janelas Verdes, juu ya kilima kinachotazama mto. Jumatatu pamefungwa. Wageni wengi hukimbilia michoro. Mimi nilipita vyumba vyote bila kugeuza shingo hadi nilipoikuta, ndani ya kioo.

Inaitwa Custódia de Belém. Ni chombo ambacho Wakatoliki hukitumia kuonyeshea ekaristi, kimo chake sentimita 73 hivi, na kimejengwa kama mnara wa kanisa wenye nguzo nyembamba mno, kiasi kwamba unajiuliza mkono wa binadamu uliziungaje. Katikati mitume kumi na wawili wamepiga magoti, kila mmoja na uso wake na joho lake la rangi ya enameli. Juu yao ananing'inia njiwa mweupe, mdogo. Chini, kwenye kitako, nilipoinama vizuri niliona ndege, maua na konokono, vitu vya bustanini, kana kwamba sonara alichoka na utukufu akaamua kustarehe kidogo. Sonara huyo, Gil Vicente, nilimvulia ushungi. Kazi ni kazi.

Maandishi yanauzunguka ukingo wa kitako. Yanasema mfalme Manuel ndiye aliyeamuru kitengenezwe, kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, kikakamilika mwaka 1506. Kilwa imeandikwa pale kwa tahajia yao, lakini ndiyo hiyo hiyo. Mlinzi alisogea, maana pua yangu ilikuwa imekaribia kioo. Nilimwonyesha jina lile kwa kidole, kisha nikajionyesha mimi mwenyewe. Alitikisa kichwa kwa adabu, sidhani alinielewa.

Nilikaa kwenye benchi muda mrefu. Uzuri wa kuwa peke yako ndio huo, hakuna wa kukuambia twende. Nilikuja na hasira niliyoiandaa tangu nyumbani, na hasira ilikuwepo, lakini haikukaa yenyewe. Dhahabu ile haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka nyanda za juu za Zimbabwe, ikashuka hadi bandari ya Sofala, na masultani wetu walioishika Sofala walitoza ushuru wao nono. Majumba kama Husuni Kubwa hayakujengwa kwa samaki peke yake. Da Gama aliwakuta wakusanya ushuru akawageuza walipa kodi. Hilo darasani sikuwahi kulisema hivyo.

Manuel huyo, ukishamjua, unakutana naye kila kona. Kwenye uwanja mdogo wa São Domingos, wanapobarizi watu wa Guinea-Bissau na kupiga soga mchana kutwa, kuna jiwe lenye nyota ya Daudi. Ni ukumbusho wa Wayahudi waliobatizwa kwa nguvu, kisha wakauawa na umati wa watu wa Lisbon, Pasaka ya mwaka 1506, mwaka ule ule sonara alipomaliza kazi yake. Kanisa la pale liliungua mwaka 1959, na ndani nguzo zake bado zina makovu ya moto. Ukielekea magharibi kuna mtaa uitwao Poço dos Negros, yaani kisima cha weusi: mwaka 1515 Manuel aliagiza lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa, kwa kuwa zilikuwa zikiachwa ovyo. Leo mtaa una mikahawa mizuri. Kahawa yao sikuinywa.

Belém nilikwenda kwa tramu namba 15. Monasteri ya Jerónimos ilianza kujengwa mwaka 1501, kwa ushuru wa karibu asilimia tano wa biashara ya Afrika na Mashariki, na Custódia ilikuwa mali yake. Kanisani, mkono wa kushoto ukiingia, amelala Vasco da Gama katika jiwe, mikono imefumbatwa kwa sala. Watu wanapiga picha naye. Pale mtoni kuna mnara wa mwaka 1960 wa kuwatukuza mabaharia: sanamu 33, mwanamke mmoja tu, na rubani ambaye Da Gama alimchukua Malindi mwaka 1498 ili amvushe hadi Bara Hindi hayumo. Mnara huo haukunipendeza hata kwa umbo.

Ijumaa nilikwenda Msikiti Mkuu, uliofunguliwa mwaka 1985. Baada ya swala, upande wa wanawake, bimkubwa mmoja aliniangalia kanga niliyojitanda.

"Umetoka wapi, mwanangu?"

"Kilwa, bimkubwa."

Akanishika mkono asiuachie. Yeye ni mzaliwa wa kisiwa cha Ibo, Cabo Delgado, alikuja Ureno na mumewe baada ya Msumbiji kupata uhuru mwaka 1975. Babu yake alikuwa na jahazi, na Kilwa alikuwa akiisikia utotoni kama bandari ya kusifiwa. Kimwani chake na Kiswahili changu vilisikilizana. Palipokwama tulisaidiana kwa mikono. Nilipomweleza kilichonileta, alisimama.

"Dhahabu ya Kilwa iko hapa? Nami naishi hapa miaka yote hii?"

Kesho yake tulikwenda pamoja. Mkazi wa Ureno ana siku 52 kwa mwaka za kuingia bure kwenye makumbusho ya taifa, basi bimkubwa alitoa kitambulisho akapita. Mimi nikafungua mkoba. Akarudi hadi dirishani, akamwambia mkata tiketi kwa Kireno, kisha akanigeukia na kunirudia kwa Kimwani ili nisikose neno: "Mtu wa Ibo anaingia bure, mwenye mali ndiye anayetozwa?" Kijana alicheka mpaka akafuta macho. Tiketi yangu aliikata vilevile, bei kamili.