Mfuko Mtupu wa Mbegu ni Ushahidi

Mvua za Madaba, mkoani Ruvuma, huja mara moja kwa mwaka. Mkulima wa mahindi anayepanda mwishoni mwa Novemba au Desemba hana vuli wala masika ya pili ya kufidia kilichoharibika. Mbegu bandia ikishaingia shambani inaondoka na mwaka mzima, pamoja na mbolea, malipo ya vibarua na fedha ya shule ya watoto.

Anayeitengeneza hahitaji maabara. Anachukua mahindi ya chakula, anayatia rangi yafanane na mbegu iliyotiwa dawa, anayafunga kwenye mfuko wenye jina linaloaminika. Mkulima aliyesimama kwenye duka la pembejeo hawezi kujua kwa macho kama punje ni ya mbegu chotara, kwa hiyo anauamini mfuko. Kampuni ya mbegu ya Seed Co inalijua hilo, na mbegu zake hubeba picha ya mnyama: tumbili kwa zinazokomaa mapema, tembo kwa zinazochukua muda mrefu. Hata asiyejua kusoma anaondoka na anayoitaka. Tembo huyo akichapwa kwenye mfuko wa mahindi yaliyopakwa rangi, kampuni imeibiwa jina na mkulima ameibiwa msimu, siku hiyohiyo, kaunta hiyohiyo.

Tanzania Bara, alama ya biashara kama hiyo husajiliwa kwa wakala wa usajili, BRELA, chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986. Ombi likikubaliwa hutangazwa kwa siku 60 ili mwenye pingamizi ajitokeze. Usajili hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Zanzibar ina usajili wake, hivyo cheti cha Bara hakivuki bahari. Kuwasaka wanaoghushi ni kazi ya Tume ya Ushindani, FCC, kwa kutumia Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963. Wakaguzi wake wanaweza kuingia dukani au ghalani, kupekua na kukamata mali.

Lakini mkaguzi anahitaji mtu wa kumwambia kwa uhakika kwamba mfuko huu si wetu, na mtu huyo ni mwenye alama. Hapo ndipo wakili anapofanya kazi ambayo watu hawaioni. Anaandaa malalamiko yenye cheti cha usajili kilicho hai, sampuli halisi, sampuli inayotiliwa shaka, na maelezo ya tofauti zake moja baada ya nyingine: uzi ulioshona mdomo wa mfuko, unene wa herufi, namba ya loti ambayo kiwanda hakijawahi kuitoa, lebo ya TOSCI, taasisi inayothibiti ubora wa mbegu, isiyo na namba ya siri ya kukwangua. Malalamiko mengi hulegea kwa uzembe wa mwenye alama mwenyewe. Cheti kimeisha muda bila kuhuishwa, au alama ilisajiliwa kwenye daraja jingine la bidhaa. Mbegu ziko daraja la 31, mbolea la 1, viuatilifu la 5, unga la 30. Kikundi cha kina mama wa Madaba kinachosaga unga na kuupeleka Songea kinahusika na hili sawasawa na kampuni kubwa. Bila usajili bado kinaweza kumshtaki anayejipitisha kwa jina lake, ila kitalazimika kwanza kuthibitisha mahakamani kwamba wateja wanalijua jina hilo, na mzigo huo ni mzito kwa kikundi kidogo.

Si kila mbegu iliyogoma kuota ni bandia. Mbegu halali iliyokaa juani miezi mitatu dukani, au iliyopita muda wake, ni suala la ubora. Hilo liko chini ya Sheria ya Mbegu ya 2003, na mlango wake ni TOSCI. Mbolea ina mamlaka yake, TFRA, na viuatilifu vina yake, TPHPA. Kupeleka lalamiko mlango usio wake ni kupoteza wiki ambazo mali inahamishwa.

Hofu nayo ina gharama yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba mbolea ya urea iliyonunuliwa madukani Uganda ilipungukiwa takribani asilimia 30 ya virutubisho. Mwaka 2021 ukachapishwa mwingine kutoka Morogoro: huko karibu mbolea yote iliyopimwa ilikuwa nzuri, ila wakulima wengi waliamini imechakachuliwa. Mtu mwenye shaka namna hiyo hununua kidogo au haachi mbegu yake ya zamani, na muuzaji mwaminifu anaumia kwa dhambi ya mwingine. Kwa sababu hiyo kampuni inayokamata bidhaa bandia kimyakimya, ikiogopa kuchafua jina lake, inanikera. Itangaze namba za loti za uongo na vijiji zilikoonekana.

Mkulima mwenyewe sheria ya alama imemweka pembeni. Mali iliyokamatwa ikiteketezwa, yeye harudishiwi kitu. Fidia yake anaidai kwa muuzaji, kwa Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, inayotaka kitu kilichouzwa kilingane na maelezo yake. Hapo hoja yote inasimama kwenye karatasi. Adai risiti yenye jina la mbegu, si neno "pembejeo" tu. Aukate mfuko upande wa chini ili mshono na lebo vibaki, abakize konzi moja ya punje ndani yake, autunze pakavu mpaka avune. Mahindi yakigoma kuota, amwite afisa ugani aandike alichokiona kabla shamba halijapandwa upya. Akishavuna salama ndipo aukate mfuko vipande vipande, maana mifuko mizima inayotupwa huokotwa na kujazwa tena.