Kidonge cha Kisukari na Kazi Yake Mwilini

Wako watu wengi wamezao metformini kila siku, wala hawajui yafanya nini. Asiyejua kazi ya dawa huiacha upesi. Kwa hiyo na tuieleze.

Asili yake yatokana na mmea wa Ulaya uitwao galega, uliotumiwa na waganga wa kale. Mwaka 1922 wataalamu wa Dublin waliitengeneza dawa yenyewe, na mwaka 1957 tabibu Jean Sterne wa Ufaransa akatangaza kwamba yapunguza sukari ya wagonjwa.

Ini ni kama ghala: huweka akiba ya sukari, na kuitoa mtu awapo na njaa. Katika kisukari cha aina ya pili, ghala hilo halifungwi sawasawa. Latoa sukari hata isipohitajiwa. Metformini hulizuia, tena huusaidia mwili kutumia vema insulini yake.

Imezwe pamoja na chakula, kwani huweza kusumbua tumbo siku za kwanza. Mwenye ugonjwa wa figo amwambie tabibu kabla ya kuanza. Naye atapikaye au aharaye sana aulize upesi.

Jambo kubwa ni hili: kujiona mzima si kupona. Sukari iliyozidi huharibu macho, figo na miguu kimyakimya. Basi, enyi wazazi na walimu, mtu asiache kidonge kwa shauri la jirani, bali amwulize kwanza tabibu aliyempa. Wala kidonge hakiondoi haja ya kula kwa kiasi na kuutumikisha mwili.