Maumivu ya Nyonga na Kinena: Tusiyadharau

Sisi walimu huona jambo hili mara kwa mara. Mwanafunzi aliyekuwa akikimbia na wenzake anaanza kuchechemea. Ukimwuliza, hushika kinena, yaani pale paja linapoungana na tumbo, au huonyesha goti. Nyumbani huambiwa kwamba amechoka kwa mpira, au anakwepa kuchota maji. Wako hata wanaonong'ona habari za uchawi. Miezi hupita, na mguu huanza kuwa mfupi. Wasomaji wapenzi, maumivu hayo yana sababu zake, nazo zaweza kujulikana.

Kwanza tufahamu kiungo chenyewe. Mfupa wa paja una kichwa cha mviringo, nacho hukaa katika tundu la mfupa wa nyonga kama mchi katika kinu. Kiungo hiki kimejificha ndani sana. Ndiyo sababu ugonjwa wake huumiza kinena, na pengine goti peke yake, ingawa goti ni zima. Maumivu ya ubavuni, pale tunapolalia, kwa kawaida hutoka katika kano, wala si katika kiungo.

Sababu ni nyingi. Mcheza mpira aweza kuchanika msuli wa paja. Huyu hupona kwa kupumzika majuma machache. Mbeba magunia aweza kupata ngiri, yaani utumbo hujipenyeza kinenani, na uvimbe huonekana akikohoa. Kidonda cha mguuni huvimbisha mitoki. Kwa kijana anayekua upesi, hasa akiwa mnene, kichwa cha mfupa chaweza kuteleza kutoka mahali pake. Kifua kikuu nacho hushambulia mifupa, na kwa wazee kiungo hulika.

Lakini hapa Lubumbashi iko sababu nyingine ambayo kila mzazi apaswa kuijua: ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita SS. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alieleza chembe nyekundu za damu zenye umbo la mundu. Chembe hizo ni ngumu, na hunasa katika mishipa midogo ya damu. Kichwa cha mfupa wa paja hulishwa na mishipa michache, tena myembamba. Ikizibwa, mfupa hufa polepole na kubonyea. Ulevi wa siku nyingi, na dawa za jamii ya kotizoni zikitumiwa muda mrefu, huweza kuleta madhara yayo hayo kwa watu wasio na SS.

Daktari hutambuaje? Huuliza maumivu yalianza lini na huzidi wakati gani. Humtazama mgonjwa akitembea, kisha humlaza chali na kuuzungusha mguu uliokunjwa. Kinena kikiuma hapo, hushuku kiungo. Ndipo huagiza vipimo vya damu na picha ya eksirei. Tukumbuke kwamba mwanzoni picha yaweza kuonekana safi hali mfupa umekwisha kudhurika. Maumivu yakiendelea, tusione haya kurudi hospitalini.

Matibabu hufuata sababu. Ngiri huponywa kwa upasuaji. Mtoto mwenye SS hupewa dawa za maumivu, hunywa maji mengi, na hutembelea magongo ili nyonga isibebe uzito. Kuchanja ngozi na kukanda kwa nguvu hakuwezi kuufufua mfupa. Mfupa ukibomoka kabisa, hubaki kuweka nyonga bandia, kazi iliyokamilishwa na daktari John Charnley wa Uingereza katika mwaka 1962. Lakini gharama yake ni kubwa mno kwa jamaa nyingi. Basi kinga ni bora. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, juu ya watoto wa Kinshasa, Kilifi, Mbale na Luanda, ulionyesha kwamba dawa ya haidroksiurea hupunguza mashambulio ya maumivu, na hata vifo. Dawa hiyo haiondoi ugonjwa, na hutolewa na daktari anayepima damu ya mgonjwa kila mara.

Yako mambo yasiyongoja kesho. Mtoto mwenye homa asiyeweza kuusogeza mguu, huenda ana usaha katika kiungo. Ngiri iliyokuwa ngumu na yenye kuuma, pamoja na kutapika, ni hatari ya kufa. Mvulana anayeumwa ghafla kinenani au korodanini, huenda korodani imejisokota, na saa chache tu zatosha kuipoteza. Bibi aliyeanguka akashindwa kusimama, huenda amevunjika shingo ya mfupa wa paja. Hao wote wapelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Tena, SS hurithiwa kwa baba na mama wote wawili. Wazazi wenye damu ya AS ni wazima, lakini katika kila mimba yao iko nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto wa SS. Vijana wanaojiandaa kwa ndoa wapimwe damu kabla ya kutoa mahari, na wazazi wasilaumiane. Mtoto anayechechemea si mchawi, wala hakurogwa na nyanya yake. Ni mgonjwa anayestahili kutunzwa. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.